Helmeti ya ngozi haitaki mafuta

MASWALI YA WASOMAJI: VITU VYA KALE

Barua za mara hii karibu zote zinahusu helmeti nyeusi ya Kijerumani yenye mwiba wa shaba utosini, ile iitwayo Pickelhaube. Tumeziweka pamoja, kwa kuwa jibu la moja linasaidia nyingine.

Shikamooni. Babu ametuachia helmeti ya ngozi iliyokuwa ndani ya sanduku darini. Masika paa lilivuja, sasa bakuli, yaani gamba lenyewe la helmeti, limebonyea upande wa kushoto, ukingo wa mbele umeachia nyuzi kiasi cha vidole vinne, na ngozi imekakamaa. Fundi viatu wa jirani anasema tuiloweke maji ya moto ilainike, tuipake mafuta ya nazi, kisha aibandike kwa gundi na kuipitisha cherehani. Nimkubalie? — Msomaji wa Pasua, Moshi

Marahaba, ndugu yetu, na pole kwa uvujaji. Usimkubalie hata moja kati ya hayo manne. Fundi wako anaijua kazi ya kiatu, na kwa kiatu ushauri wake ungefaa. Ila kiatu kina miaka miwili au mitatu, na ngozi hiyo imepita mia.

Tuanze na maji ya moto, maana hilo likishafanyika halirudishiki. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, ikiwa mpya, husinyaa joto likifika kama nyuzi 70 hadi 85 za Selsiasi. Kadiri inavyozeeka kiwango hicho hushuka, na ngozi iliyochoka sana huweza kusinyaa kwenye nyuzi 40, yaani maji ya kumwogeshea mtoto. Ikishasinyaa hugeuka ngumu na kavu kama pembe, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kwa hiyo hata mashine ya kukaushia nywele usiisogeze, wala usiianike kwenye jua la mchana.

Kinachonyoosha bakuli ni unyevu wa hewa, polepole. Tafuta ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko, la lita 40 au 50. Chini weka sifongo mbili zilizoloweshwa maji safi ya kujazia betri, yale yasiyo na madini (soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo). Juu ya sifongo weka wavu wa waya ulioinuka sentimita 10 hivi, helmeti ikae juu ya wavu bila kugusa maji, kisha funika. Fungua uangalie kila baada ya saa mbili. Unatazama mambo mawili. La kwanza ni rangi ya nje: varnishi ya helmeti hizi kwa kawaida ni shelaki, utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti, na shelaki ikizidiwa na unyevu huvimba weupe kama meza ya mbao iliyowekewa kikombe cha chai. Ukiona ukungu mweupe unaanza, itoe ipumzike hadi kesho. La pili ni ulaini: bonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani, karibu na sehemu iliyobonyea. Ikibonyea kidogo kama ganda la chungwa la jana, imefika. Usiiache humo kwa siku mbili mfululizo, uvundo (kuvu) utaota.

Ikishalegea, sukuma kwa kiganja kutoka ndani. Kiganja, si vidole, kwa sababu ncha ya kidole hupasua varnishi upande wa pili. Halafu jaza ndani vifuko vidogo vya kitambaa cha marekani kilichofuliwa na kusuuzwa mara mbili, vikiwa na pamba. Siku ya kwanza jaza ukutane tu na ngozi, usiisukume. Kesho yake ongeza kifuko kimoja, keshokutwa kingine. Acha ikauke kivulini, mbali na feni, siku nne au tano. Pengine itarudi nusu tu. Basi rudia, mizunguko mitatu myepesi ni salama kuliko mmoja wa nguvu.

Sasa ukingo. Uzi wa asili ni wa kitani, na mashimo yake yangalipo. Tumia mashimo hayohayo na usitoboe hata moja jipya. Cherehani hutoboa yake kati ya yale ya zamani, na ngozi kuukuu yenye mashimo yaliyobanana huchanika mstari mzima kama stempu ya posta. Chukua uzi wa kitani mwembamba, pungufu ya milimita moja, urefu mara nne ya sehemu ya kushona, upitishe kwenye kipande cha nta ya nyuki mara mbili au tatu. Funga sindano butu kila ncha. Sindano ya kwanza ipite kutoka juu, ya pili irudi shimo hilohilo kutoka chini, ukivuta kiasi cha uzi kulala tu. Uking'ang'ania kukaza kama unavyokaza soli, uzi utakata ngozi. Msharasi uwe mezani kwa ajili ya kufungua shimo lililoziba vumbi, basi. Nyuzi za zamani zilizobaki upande wa pili usizikate. Anza kushona mishono miwili ndani ya eneo zima, uzi mpya uushikilie ule wa zamani.

Kama mashimo yenyewe yameraruka, imarisha kwanza kwa ndani. Bandika ukanda wa karatasi ya Kijapani ya kozo, au kitani chepesi, kwa gundi ya wanga wa ngano, usubiri ukauke, kisha shona ukipitia humo. Wanga huo si unga wa chapati. Kanda donge la unga, lioshee ndani ya bakuli la maji mpaka libaki lile la kuvutika kama mpira, acha maji yatulie usiku mzima; kile cheupe kilichotuama chini ndicho wanga. Kipimo kimoja cha wanga kwa vinne vya maji, koroga juu ya moto mdogo dakika 20 hadi 30, poza, chuja kwa chujio la chai. Iwe nzito kama uji ulioganda, kwa kuwa gundi ya majimaji huingia kwenye ngozi kuukuu na kuiacha na doa jeusi gumu. Gundi ya mpira ya viatu haifai: huwa ya kahawia, hukakamaa, na siku mtu akitaka kuitoa inatoka na ngozi.

Mafuta ya nazi tumeyaacha mwisho kwa makusudi. Watu wengi wanaharibu helmeti kwa nia njema kabisa, wakiamini ngozi kavu ina kiu. Bakuli hili lilitengenezwa liwe gumu. Ngozi ilibanwa kwenye kalibu, ikakaushwa, ikapakwa varnishi ngumu juu yake. Kiatu hukunjwa kila hatua, hii haikutakiwa kukunjwa hata siku moja. Ukiipaka mafuta, ngozi hulainika chini ya varnishi isiyoweza kulainika, na varnishi hupasuka vipande na kubanduka. Mafuta yenyewe hayatulii: huchacha, hukusanya vumbi, na hugombana na shaba, kama jibu linalofuata linavyoonyesha.

Mimi ni mama wa Njiro, Arusha. Kwenye bamba la tai, lile pambo la shaba la mbele ya helmeti, chini ya mabawa kumetoka kitu cha kijani kama nta. Nimezoea kusugua sinia zangu za shaba kwa ndimu na majivu, na zinang'aa. Naweza kufanya hivyo hapa?

Hapana, mama yetu, na ndimu ndiyo hatari zaidi. Kile cha kijani kimetokana na mafuta yaliyopakwa zamani kwenye ngozi: asidi za mafuta zimekula shaba, zikatengeneza uji wa kijani ambao huganda ukingoni mwa bamba. Ukiongeza asidi ya ndimu unaendeleza ulaji huohuo, maji yake yanaingia chini ya bamba na kunywewa na ngozi mahali usipopaona. Tena shaba hii ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Asidi hutangulia kuondoa zinki, ukabaki na madoa ya waridi. Brasso nayo ina amonia, na unga wake mweupe huganda kwenye manyoya ya tai na kando ya ngozi, kuutoa ni kazi ya wiki.

Chonga kijiti cha mwanzi kiwe bapa kama kucha. Ingiza kipande cha plastiki nyororo kati ya bamba na ngozi, kile cha jalada la daftari kinatosha. Kwaruza kijani kwa kijiti, kikiangukia kwenye plastiki. Kilichogoma, kigusishe pamba iliyoloweshwa kidogo kwa white spirit ya duka la rangi (usichukue thina, ni kitu kingine na inayeyusha varnishi), subiri dakika mbili, kwaruza tena. Madirisha yawe wazi na jiko liwe mbali. Ukimaliza shaba itakuwa na wekundu wa uzee. Uache.

Kuna sababu nyingine ya kutosugua: helmeti za maofisa mara nyingi zilikuwa na mapambo yaliyopakwa dhahabu, tabaka jembamba mno. Dhahabu hiyo ikishaondoka kwa kitambaa cha kusugulia, imekwenda.

Usishawishike kung'oa bamba ili usafishe nyuma. Tazama kwanza ndani. Bamba la askari wa kawaida lina vitanzi viwili nyuma vinavyopenya ngozi na kuzuiwa kwa vibanzi. La ofisa mara nyingi lina skrubu na nati. Nati inayozunguka bila nguvu unaweza kuifungua. Lakini kitako cha mwiba, kikiwa kimeshikwa kwa ndimi za shaba zilizokunjwa kwa ndani, usikiguse. Shaba huzidi kuwa ngumu kila inapokunjwa, na ulimi uliokunjwa karne iliyopita huenda ukakatika mara ya kwanza tu unapounyoosha.

Yangu ina unga mweupe juu ya ngozi. Ni uvundo? — Ngarenaro, Arusha

Unaweza kuwa uvundo, au mafuta yaliyotoka ndani na kuganda juu. Chota kidogo kwa ncha ya kijiko, pasha kijiko juu ya mshumaa, mbali kabisa na helmeti. Kikiyeyuka na kuwa tone, ni mafuta; yafute kwa pamba na white spirit. Kisipoyeyuka, ni uvundo au vumbi la chumvi. Kwa uvundo, vaa barakoa, toka nje, upanguse kwa brashi laini ya rangi ukielekeza mbali na uso, kisha hamisha helmeti mahali pakavu. Wengi hukimbilia spiriti ya hospitali kuua uvundo. Kwa nje usithubutu: shelaki huyeyuka kwenye spiriti, na mpanguso mmoja unabeba weusi wote wa eneo hilo. Ukitaka uhakika wa varnishi yako ni ya aina gani, gusisha kijiti cha pamba chenye spiriti chini ya ukingo wa nyuma, mahali padogo kama punje ya mchele. Pamba ikitoka nyeusi au kahawia na kunatanata, ni shelaki.

Wajomba, nikigusa bitana ya ndani vidole vinatoka na unga mwekundu kama matofali. Zile ndimi za ngozi zinameguka. — Sanawari, Arusha

Huo ni uozo mwekundu. Ngozi ya magome ya miti ikikaa miongo mingi kwenye hewa yenye moshi wa makaa na viwanda, hufyonza gesi ya salfa, asidi ikajengeka ndani na kukata nyuzi za ngozi. Haurudi nyuma. Kinachowezekana ni kuushikilia ulipo.

Dawa inayotumika ni haidroksipropili selulosi, unga mweupe unaouzwa kwa jina la Klucel G, itabidi uuagize. Gramu 1 hadi 2 katika mililita 100 za ethanoli, koroga, acha usiku mzima mpaka iwe kama ute. Paka kwa brashi laini, tabaka moja, kwenye ndimi za bitana tu na upande wa ndani ulio wazi. Ikinywewa na kukauka, gusa tena. Unga ukiendelea kutoka, ongeza tabaka la pili. La tatu huanza kuacha mng'ao na ukavu, bora uishie la pili. Kwa kuwa ndani yake kuna ethanoli, tone lisifike nje kwenye varnishi. Funika kingo kwa plastiki kabla hujaanza.

Ile kamba inayopita kwenye ncha za ndimi na kuzikusanya pamoja usiivute kuijaribu. Na helmeti usiivae, hata kwa picha moja. Kichwa hupanua bitana na jasho huongeza chumvi na asidi palepale palipooza.

Varnishi imepasuka kama matope yaliyokauka, sehemu nyingine imetoka kabisa ngozi ya kahawia inaonekana. Nipige rangi nyeusi ya kopo, au Kiwi inatosha? — Mstaafu, Shanty Town, Moshi

Shikamoo mzee wetu. Rangi ya kopo tunakuomba uiache. Hujaza nyufa, hufunika alama za mkono wa aliyeitengeneza, na siku ikianza kubanduka huondoka na varnishi ya asili. Kiwi ina nta na viyeyushio. Kwenye nyufa huingia na kukaa kama mistari ya kijivu.

Nyufa zenyewe si ugonjwa wa kutibiwa. Mtu anayejua helmeti hizi akiona bakuli linalong'aa bila ufa, jambo la kwanza analofanya ni kugeuza ndani kutafuta kilichofichwa.

Palipobanduka ndipo pa kushughulikia. Kipande cha varnishi kinachoning'inia kikibonyezwa kikavu kitavunjika. Chora gundi ya wanga kidogo chini yake kwa ncha ya brashi namba 0, subiri kilegee kwa unyevu wa gundi, kilaze kwa kidole juu ya karatasi isiyonata, weka kifuko chepesi cha mchanga nusu saa. Palipo wazi kabisa, paka rangi ya akriliki nyeusi iliyochanganywa na kahawia kidogo (nyeusi tupu huonekana kama kiraka), ndani ya pengo tu, bila kupanda juu ya varnishi. Wapo mafundi wazuri wanaojaza kwa shelaki, gramu 25 kwa mililita 100 za spiriti pamoja na rangi nyeusi, na matokeo yake yanapendeza zaidi. Ugumu ni kwamba spiriti ya shelaki mpya inalainisha ya zamani, zinaungana, na baadaye hakuna atakayeweza kuzitenganisha. Sisi tunachagua akriliki, kwa kuwa inaweza kuondolewa. Mwisho, kama unataka mng'ao, nta ya maikrokristalini kiasi cha punje ya kunde kwa bakuli zima, isuguliwe kwa kitambaa laini.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi Arusha. Helmeti ya nyumbani kwetu ilivaliwa na askari wa Mjerumani vitani huku Kilimanjaro? Na nitajuaje umri wake?

Marahaba, kijana. Kwa uwezekano mkubwa, hapana. Askari Waafrika wa jeshi la kikoloni walivaa tarbushi yenye kitambaa cha kaki, na Wajerumani wenyewe walivaa kofia ngumu za nchi za joto au kofia pana za kitambaa. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakivaa hata wakati majeshi ya Jenerali Smuts, wa upande wa Waingereza, yalipoingia Moshi na Arusha Machi 1916. Pickelhaube ilikuwa ya jeshi la Ulaya. Ya kwenu huenda ililetwa na mlowezi aliyewahi kutumikia jeshi la kwao, au ilinunuliwa baadaye.

Umri utafute kwenye helmeti yenyewe. Prussia, dola kubwa ya Kijerumani, ilianza kuivaa mwaka 1842, na helmeti za wakati huo zilikuwa ndefu kuliko za baadaye. Kokadi (beji ya duara) ya upande wa kulia ya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu iliongezwa mwaka 1897. Kama hakuna, tazama pia kama palikuwa na kitu kikatolewa. Mapambo ya chuma cha kijivu na mwiba unaochomoka kwa kuzungusha ni muundo wa 1915, shaba ilipokuwa adimu. Mwaka 1916 helmeti ya chuma ikaanza kuchukua nafasi yake. Kisha geuza ukingo wa nyuma, soma mihuri iliyobanwa kwenye ngozi kwa mwanga wa tochi iliyolazwa: mara nyingi utakuta kikosi, mwaka na saizi. Na hesabu matundu nyuma ya bamba la tai. Yakiwa manne na bamba linatumia mawili, bamba hilo si la helmeti hiyo.

Niitunze wapi, hasa Juni na Julai Arusha inapokuwa na baridi na ukungu? — Sakina

Ndani ya kabati la mbao lenye nafasi ya hewa, katikati ya nyumba, si ukuta wa nje wala karibu na jiko. Mfuko wa plastiki usitumie, unafungia unyevu. Ikae juu ya kichwa cha pamba kilichovalishwa marekani, kikibeba bakuli kutoka ndani. Ukiilaza mezani kingo ndizo zinazobeba uzito. Magazeti usijaze, yana asidi na wino. Nunua kipima unyevu cha kabati: lenga asilimia 45 hadi 55. Ikipanda juu ya 65 uvundo unaweza kuota, weka vifuko vya silika, vile vya kufyonza unyevu, ndani ya kabati.

Ukiona unga wa kahawia chini yake na vitundu kwenye bitana, ni wadudu wa ngozi. Funga helmeti kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Hapo tu ndipo plastiki inaruhusiwa. Ukiitoa usiufungue mfuko kwa saa 24, maana umande utakaotanda nje ya plastiki ungetanda kwenye ngozi, na varnishi ikiwa bado ya baridi hupasuka kwa kuguswa tu.